Mama Pimbi na Macho Yanayoruka

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na serikali na mipaka, Mfalme Tembo alitawala mashariki ya mlima na Mfalme Kifaru magharibi. Kwenye mwamba wa mpakani aliishi Mama Pimbi na wanawe.

Wakubwa hao hawakuaminiana hata kidogo. Kila mmoja alinunua kwa Kunguru mchuuzi dude linaloruka, liitwalo Jicho; rimoti ya kulishusha akamwachia mkewe nyumbani. Jicho liliona joto. Likiona joto kubwa mpakani, lilipiga moto bila kumuuliza yeyote.

Sasa, pimbi wana desturi yao. Asubuhi ya baridi hulaliana, mmoja juu ya mwingine, mpaka wawe lundo moja.

Zzzzz! "Adui mkubwa!" Jicho la Tembo likalia juu yao.

"Tawanyikeni!" Mama Pimbi akapiga kelele. Pyuu! Pyuu! Watoto wakaingia mashimoni. Moto ukapasua jiwe, puu! Kitinda mimba akaungua sikio.

Mama Pimbi akaenda kwa Tembo. "Mfalme, lile lundo ni wanangu!"

"Jicho langu halikosei," Tembo akajibu huku akitafuna. "Hamieni kwingine."

Kwa Kifaru alijibiwa vivyo hivyo. Ahamie wapi? Wanawe wasipolaliana watakufa kwa baridi, wakilaliana watachomwa. Moyo ulimuuma, lakini akili haikulala.

Kesho yake akarudi kwa Tembo, mpole kabisa. "Shikamoo, Mfalme. Kumbe Jicho lako lilisema kweli! Kifaru anajificha mwambani kwangu. Njoo alfajiri umkamate, ila usimwambie mtu." Kisha akaenda kumwambia Kifaru hayohayo juu ya Tembo.

Loo! Alfajiri wakakutana uso kwa uso. Hawajatukanana vizuri, zzzzz! Zzzzz! Macho yote mawili yamefika.

"Adui mkubwa!"

"Mimi ni bwana wako, mjinga wewe!" Tembo akafoka. Puu! Mkia wake ukaungua.

"Ingieni topeni! Tope baridi linaficha joto!" Mama Pimbi akaita toka shimoni. Wakajitosa dimbwini chini ya mwamba, chubwi! Wakajipaka mpaka masikioni. Macho yakabaki yakizunguka, yakitafuta.

"Sasa waiteni wake zenu wayashushe kwa rimoti," Mama Pimbi akasema.

"Aanze yeye!" Tembo akasema. "Nikishusha langu, lake litanimaliza!"

"Thubutu! Aanze yeye!"

"Haya, kaeni," akasema Mama Pimbi. "Jua hilo linakuja."

Jua likapanda. Tope likakauka, likaanza kupasuka mgongoni mwa Tembo, kra, kra. Macho yakasogea chini zaidi. Mama Pimbi alibana pumzi, maana wanawe walikuwa mashimoni palepale.

"Pamoja!" Kifaru akalia.

"Pamoja!"

Wakapaza sauti kwa pamoja kuwaita wake zao, mlima ukatikisika. Macho yakashuka, moja huku, moja kule.

Siku hiyohiyo Tembo alilikanyagakanyaga lake, Kifaru akalitoboa lake kwa pembe, kila mmoja akimchungulia mwenzake. Asubuhi iliyofuata pimbi wakalaliana, kitinda mimba juu kabisa, na mama yao akapata usingizi.

Nawaambia, wanangu: anayekipa chombo ruhusa ya kuua bila kuuliza, hata yeye hakitamuuliza.