Chiku na Fisi Mfungua Vinywa

Hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye mdomo!
Nije na ya kweli au ya uongo?
— Njoo nayo tu, tutaichambua wenyewe!

Basi palikuwa na pimbi mmoja, Mama Chiku, akiishi na bintiye ndani ya ufa wa jabali. Chiku akiwa humo ndani huongea mpaka mama anamwomba apumzike. Huimba, huuliza maswali, huwafokea siafu. Akitoka nje, akitazamwa, koo linafunga, kwi. Si kiburi. Maneno yapo, yamejaa tele, ila hayatoki.

Na pimbi wana desturi yao. Jioni watoto hupanda juu ya jabali, kila mmoja huwaamkia wazee kwa sauti, ndipo huingia kulala. Wenzake wakaamkia. Chiku, ji. Akabembelezwa, kimya ji. Akaahidiwa tunda, ji. Akafinywa na mama yake mwenyewe, ji, machozi tu yakamtoka. Wazee wakanong'ona kwamba mama hakumfunza adabu. Mama Chiku akamwomba Mungu, na baada ya kuomba akaendelea kuogopa, maana ndivyo tulivyo.

Habari zikamfikia Fisi. Akaja na shanga shingoni, akijiita mganga wa kufungua vinywa. Akasema mtoto asipoamkia, atamchukua pangoni kwake amtibu. Wazee walishachoka na aibu, wakakubali. Hata mama, kwa hofu, akaitikia.

"Mtoto, niamkie," akasema Fisi.

Chiku, ji.

"Sauti, mtoto."

Chiku, ji. Fisi akameza mate, gudu.

"Kesho jua likichomoza namchukua. Mnono huyu. Mgonjwa huyu, nilitaka kusema."

Wazee hawakusikia. Mama alisikia.

Ndani ya ufa akamkumbatia binti yake. "Nisamehe, mwanangu. Nilikufinya nikidhani unanikatalia."

"Sikukatalii, mama. Koo linafunga lenyewe." Chiku akafikiri kidogo. "Humu halifungi. Mwambie aje asikilizie humu."

Jua likachomoza, Fisi huyo. Mama Chiku akamwambia kwamba mtoto ameanza kusema, lakini nyumbani tu. Mganga aingize sikio, asije akabeba mtoto mzima bure. Fisi akaona heri. Huko ndani nani atamwona akitafuna? Akaingiza kichwa.

"Shikamoo, mganga." Sauti ndogo.

"Sisikii." Akasukuma shingo, kwaru.

"Shikamoo, mganga." Ndogo zaidi.

"Sisikii." Akasukuma tena, kwaru kwaru.

"Shikamoo, mganga." Ndogo kama pumzi.

Akasukuma mabega kwa nguvu zote, kwa! Akakwama. Mbele haendi, nyuma harudi. Meno yake yakawa karibu na pua ya Chiku. Chiku akaogopa sana, lakini alikuwa kwao.

"Mganga, nimeamkia. Mbona huitikii?"

Fisi, ji. Jabali limembana koo. Maneno yapo, ila hayatoki.

Mama akawaita wenzake. Pimbi wakamwangukia makalioni kwa meno, ng'wa, ng'wa, ng'wa. Mungu anisamehe, hapa mimi hucheka. Fisi akajing'oa, manyoya yakabaki, shanga zikabaki, akatimua mbio na makalio yake yameshuka, na mpaka leo hayajapanda.

Jioni Chiku akapanda jabali. Mzee mmoja akataka kumhimiza, akamwona Mama Chiku jinsi anavyomtazama, akaacha. Mama akakaa karibu na bintiye, bila kumfinya, bila kumsukuma. Baada ya muda Chiku akatia mdomo sikioni mwa mama, na mama akasema kwa sauti, "Chiku anawapa shikamoo."

"Marahaba, Chiku," wazee wakaitikia, na mtoto akaingia kulala.

Basi funzo, watoto: mgeni akija, mwamkieni kwa sauti kubwa, msimpe taabu ya kuinama mlangoni akiwatafuta. Asiyekubali akamuulize Fisi.

Hadithi yangu imeingia ufani. Anayeitaka zaidi, aingize kichwa.