Mayai Yaliyoelea Kwenye Beseni la Bi Kwale

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi zile ambazo hata mwizi alibisha hodi, aliishi Bi Kwale. Mwili wake mdogo, na siku hizo alikuwa amechoka. Amechoka hasa! Jirani yake alikuwa Kenge, pande la mnyama, mkia kama mjeledi, na Kenge huyo alipenda mayai kuliko kitu chochote.

Msimu uliopita Bi Kwale aliatamia mayai manne nyuma ya mtungi. Kenge hakuyaona, lakini alijilaza kizingitini kutwa nzima akingoja. Mama wa watu alikuwa ametoka kutafuta chakula, akashindwa kurudi ndani. Mayai yakapoa jii, yakawa viza yote. Alishindwa kuyatupa. Akayatia kwenye chungu, akakisukuma chini ya kitanda.

Sasa alikuwa ametaga mengine saba.

"Yakienda na haya, basi," alijiambia. "Sina nguvu ya kutaga tena mwaka huu."

Asubuhi moja alikwenda kisimani. Akawakuta Bi Kanga na Bi Bata wanapiga soga.

"Mimi mayai yangu nayafukia kwenye majivu," alisema Bi Kanga. "Ncha chini, kichwa juu. Yanakaa!"

"Majivu yananichafulia nyumba, shoga," alisema Bi Bata. "Mimi nayaweka kwenye mchanga, ubavuni mwa mtungi, penye ubaridi."

Mara majani yakalia kwacha, kwacha! Kenge huyo.

"Hamjambo, akina mama?"

"Hatujambo. Shikamoo, Mzee Kenge," wakajibu kwa shingo upande.

"Marahaba. Nasikia mnazungumzia mayai. Hebu niambieni, yai zima mnalijuaje? Juzi nimeng'ata bovu, mpaka leo ulimi wangu hautamaniki."

Bi Kanga, na mdomo wake ule usiotulia, akadakia, "Aa, si unalitia majini tu! Lile linalo... Aiii!"

Bi Kwale alikuwa amemkanyaga kidole.

"Linaloelea ndilo zima," Bi Kwale akamalizia, kwa sauti ya uchovu ambayo wala hakuhitaji kuiigiza. "Yai zima jepesi, Mzee. Bovu ni zito, linazama na uoza wake."

"Kumbe! Basi alasiri nitapita kwako. Niandalie beseni la maji."

Akaenda zake. Bi Kanga akafura.

"Umenikanyaga, shoga! Na ulichosema uongo mtupu!"

"Najua. Unisamehe kidole. Lakini huo ulimi wako nao ufukie kwenye majivu, pamoja na hayo mayai."

Nyumbani Bi Kwale akakitoa kile chungu. Alipoyashika yale manne, machozi yakamtoka. Akayafuta vumbi moja moja, akayachanganya na yale saba kwenye kapu, akakaa kungoja.

"Hodi!"

"Karibu, Mzee."

Kenge akayatia majini. Tubwi! Tubwi! Saba yakazama. Manne yakaelea.

"Mbona mazima manne tu?"

"Nimechoka, Mzee. Sitagi kama zamani."

Kenge akachungulia ndani ya beseni. "Haya yaliyozama nayo nayabeba. Nitampelekea mkwe wangu."

Moyo wa Bi Kwale ukapiga pu! Lakini akajikaza.

"Kula kwanza mazima, Mzee. Ya mkwe hayakimbii."

"Umesema kweli." Kenge akapanua mdomo, akayabugia yote manne kwa pamoja, akafunga taya.

Paa! Paa! Paa! Paa!

Lo! Nyumba nzima ikanuka fee! Kenge akatoa macho, akatema, akapiga chafya, akajigonga mlangoni, akatoka nje anabingirika.

"Mzee! Na ya mkwe je?" Bi Kwale akamwita.

"Ya mkwe? Ebo! Kama haya ndiyo mazima, hayo mabovu yakoje? Sitaki hata kuyaona mayai ya nyumba hii!"

Kwacha, kwacha, kwacha, akatokomea.

Bi Kwale hakucheka. Alikuwa amechoka mno. Aliyatoa yale saba majini, akayakausha, akayapanga kwenye majani makavu, akayalalia. Mlango aliuacha wazi, maana hata nguvu za kuufunga hakuwa nazo. Alilala hapo hapo juu ya mayai yake, na siku zote alizoatamia, hakuna aliyebisha hodi, mpaka asubuhi moja alipoamshwa na vifaranga saba wanaomlilia njaa.

Basi mkumbuke, wanangu: anayewaibia majirani asitegemee majirani hao kumwambia ukweli.