Kwa Nini Mkono Huukimbia Moto Kabla ya Kichwa Kujua

Kulikuwa na wakati ambapo mkono wa binadamu haukujua kujiondoa motoni. Ngozi ilihisi, kama inavyohisi leo. Walinzi wake walikaa mahali pao, wa joto, wa baridi, wa mguso na wa maumivu, wamesongamana kwenye ncha za vidole na kutawanyika mgongoni. Lakini kila habari waliyoitoa ilisafiri safari nzima. Ilipita kwenye mishipa ya fahamu ya mkono, ikaingia kwa mlango wa nyuma wa Ugwe, yule uzi mnene alalaye ndani ya pingili za mgongo, kisha ikapanda hadi kwa Kichwa. Kichwa kilitafakari, kikatoa amri, na amri ikateremka na kutoka kwa mlango wa mbele hadi kwenye misuli. Ugwe alikuwa tarishi tu. Hakuulizwa neno.

Kwa kuwa safari hiyo ilikuwa ndefu, watu walilindana. Katika nchi ya chemchemi za chumvi, ambako maji huchemshwa vyunguni hadi yakauke, hakuna aliyekaa jikoni peke yake. Mmoja alikoroga, mwenzake akatazama vidole. Vilipokaribia moto mno alisema, "Mkono," na mkorogaji akauondoa. Ruhaga alikuwa mkorogaji. Vidole vyake vilitazamwa na mkewe, Nyamwiza, tangu walipooana, naye hakuwahi kupandisha sauti.

Nyamwiza akafa wakati wa kiangazi, kwa homa.

Desturi ya nchi ile ilimtaka mgane achemshe mwenyewe chumvi ya kuondolea tanga, wala asitazamwe vidole na mtu, kwa maana nafasi ya marehemu haikaliwi mpaka chumvi hiyo iliwe. Asipoimaliza, marehemu hahesabiwi kuwa amepumzika. Wagane wengi walitoka katika kazi hiyo na mikono isiyoshika tena kitu.

Siku ya kuchemsha, mtani wake Segenya alikuja, kama watani wanavyokuja misibani, akaketi nje ya uzio alikoruhusiwa.

"Wewe Ruhaga, mwenzako kaondoka kwa ajili ya chumvi yako yenye mchanga. Alichoka kutafuna."

"Labda."

"Leo utaikoroga na machozi. Angalau itakolea."

"Nyamaza, mtani. Nisikie chungu."

"Chungu hakisemi. Na mimi hapa naona mgongo wako tu, vidole sivioni. Usije ukaungua mimi nikiwa nacheka."

Ruhaga akakoroga. Hakuwa amelala vizuri tangu mazishi, na uchovu ulimkalia mabegani kama mzigo wa kuni mbichi. Maji yakapungua, chumvi ikaanza kushika ukingoni. Akaikwangua kwa kipande cha kibuyu, vidole vikagusa ukingo wa chungu, vikabaki hapo.

Walinzi wa ngozi wakatoa habari. Ikapita mkononi, ikaingia mgongoni, Ugwe akaipandisha. Kichwa kikaipokea na kutulia.

"Moto," Ugwe akarudia.

"Nimesikia. Nasubiri aseme."

"Nani?"

Miaka yote ile Kichwa kilikuwa kimezoea kuuinua mkono kwa sauti ya Nyamwiza, na sasa kilikuwa kimetega sikio upande alikokuwa akiketi.

Ugwe akapandisha habari nyingine, na nyingine, zote za vidole vilevile. Naye alikuwa amechoka. Ndiye aliyebeba kila mguso wa mwanamke yule, na hakuna aliyemuuliza kama amefiwa. Ngozi ilipoanza kujikunja, habari iliyoingia kwa mlango wa nyuma hakuipandisha tena. Aliivusha palepale, akaitoa kwa mlango wa mbele ikiwa amri. Mkono ukaruka. Kipande cha kibuyu kikaanguka majivuni.

Ndipo maumivu yalipofika kichwani, yamechelewa, na Ruhaga akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi. Nje ya uzio, Segenya akaacha utani.

"Nani ametoa amri?" Kichwa kikauliza.

"Mimi."

"Bila ruhusa yangu?"

"Ulikuwa msibani."

"Basi moto uwe wako," Kichwa kikasema. "Na mwiba. Vitu visivyongoja. Mengine niletee."

"Na huu msiba?"

"Huo niletee. Wote."

Vidole viwili vilibaki na makovu, lakini vilishika. Ruhaga alirudi chunguni, chumvi ikakauka, tanga likaondolewa. Segenya alipoionja alisema imekolea kupita kiasi, kisha akaomba nyingine.

Na tangu siku hiyo, mkono ukigusa moto huruka kwanza, Kichwa huambiwa baadaye, na maumivu humfikia mtu mkono ukiwa umeshaondoka. Msiba haukupewa njia ya mkato. Hupanda mgongo wote, pingili kwa pingili, na asubuhi huanza tena chini. Kwenye chemchemi za chumvi hakuna anayehitaji tena kutazamwa vidole. Hata hivyo, mkorogaji hakai peke yake. Mwenzake huketi upande uleule wa zamani, na chumvi ikianza kushika ukingoni husema, "Mkono," ingawa mkono umeshaondoka.

"Nimesikia," hujibiwa.