Kwa Nini Mikoko ya Mkondo wa Ndooni Imeinama

Zilikuwapo zama ambazo mikoko ya Mkondo wa Ndooni ilisimama wima kama watu katika safu ya sala, wala hapakuwa na hata mmoja uliorukuu.

Zama hizo Bi Esha alitoka eda. Mumewe, aliyekuwa nahodha, alizikwa katika kisiwa kidogo mwisho wa mkondo, huko ndani unakokomea, na Bi Esha aliweka nadhiri ya kumsomea Yasini kaburini Ijumaa ya kwanza, kabla jua halijazama. Mashua iliyopatikana ilikuwa ya nahodha mwingine, Bwanakombo. Huyu alikuwa na nanga mpya aliyoipenda kuliko kofia yake ya Idi. Aliisugua kwa majivu na ndimu hata ungeweza kuchania ndevu mbele yake.

Walipofika katikati ya mkondo, maji yamejaa pomoni, upepo ukakata. Bi Esha akamwomba atie nanga. Alikumbuka kuwa marehemu hakutia nanga ila alisema kwanza, "Maji yakijaa hupwa," kisha akaachia kamba ndefu. Bwanakombo akayatazama maji, akaitazama nanga yake, akasema tope la chini si la kutiliwa kitu safi. Akaifunga omo, mbele ya mashua, kwenye kilele cha mkoko kwa kamba fupi, akalala.

Maji yakapwa. Omo ikabaki juu, imening'inia kama mbuzi anayetamani majani ya jirani, na tezi, nyuma ya mashua, ikadidimia topeni. Bi Esha, mkoba wake, birika na nahodha mwenyewe wakaporomoka hadi nyuma. Bwanakombo akafumbua jicho moja, akasema leo mawimbi yamechafuka.

"Mawimbi yapi, mwanangu?" Bi Esha akamuuliza. "Maji yenyewe yameshatuaga."

Fundo lilikuwa limekaza. Kuikata kamba kungeiangusha omo na kuipasua mashua, na wakingoja hivyo hivyo, maji yakirudi yangeingia tezini kabla haijaelea. Jua nalo lilikwisha kupinda. Bwanakombo akashauri waombe dua. Bi Esha akamjibu kuwa dua alianza kuiomba tangu alipomwona akifunga fundo. Sasa apande mti.

"Na nanga yako upande nayo."

Akapanda, ameieleka kama mtoto. Uzito wa chuma, na wa nahodha asiyekosa wali, ukaukunja mkoko taratibu mpaka omo ikashuka na mashua ikalala sawa juu ya tope. Akataka kuteremka.

"Ukiteremka, omo itapanda, nawe utapanda tena," Bi Esha akamwambia, akatoa tende mkobani.

Bwanakombo akabaki pale kama popo, kaa wakimchungulia kutoka mashimoni, hadi maji yalipojaa, yakainua mashua, kamba ikalegea; akaifungua, akashuka, na maji yakawasukuma mpaka kisiwani.

Jua lilikuwa bado halijagusa maji. Bi Esha akasoma Yasini yote. Kisha akamsimulia marehemu habari za safari, na alipofika kwenye popo, akacheka, mara ya kwanza tangu azikwe.

Mkoko ule haukunyooka tena, na mbegu zake zikaota zikimfuata mama yao. Na tangu siku hiyo mikoko ya Ndooni imerukuu. Nahodha atiaye nanga pale husema kwanza, "Maji yakijaa hupwa," kisha huachia kamba ndefu. Na mwenye nanga inayong'aa hapati abiria.