Kitundu cha Bi Hondohondo

— Hadithi, wangu, hadithi!
— Ije!
— Ije ipite, au ije ikae?
— Ije ikae, tuile!

Haya, sogeeni. Wewe, usimfinye mwenzako. Zamani za kale, zamani kweli, ndege na wanyama walipokuwa wakijuliana hali asubuhi kama sisi majirani, aliishi Bi Hondohondo na mumewe.

Sasa hondohondo wana desturi yao. Jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, akajiziba kwa udongo, akabakiza kitundu chembamba cha kupitishia mdomo. Humo ndani manyoya ya mbawa yanamnyonyoka yote. Hawezi kuruka, hawezi kutoka, hawezi lolote. Anachokula yeye na watoto ni kile anacholeta baba. Baba asipokuja, basi. Mnaiona hatari yake?

Bi Hondohondo aliogopa. Alikuwa na watoto watatu, uchi, hawana hata unyoya. Aliogopa, na huku anashukuru. Kila kuyu, tunda la mkuyu, lililoingia alisema, "Asante, baba watoto," kisha akaimba:

Hili la leo, tule tushibe,
Hili la kesho, likae pembeni,
Aliyeleta, Mungu amlinde.

Na kweli alikuwa analiweka pembeni, kama sisi tunavyorudisha konzi ya unga kabla ya kusonga ugali. Yakija makuyu kumi, anarudisha moja. Yakija matatu, anarudisha moja. Analiweka pale jua la asubuhi linapopenya, linakauka.

Siku moja akaja Ngedere.

"Hodi, shemeji! Mkuyu umezaa mpaka matawi yanalala, na wewe unakausha makuyu? Kula, bwana! Mvua ipo."

"Ipo leo, shemeji. Ya mwezi ujao umeiona wewe?"

Ngedere akacheka nusura aanguke. "Bahili we!" Akaenda zake.

Mvua ikaanza kusuasua. Inanyesha leo, inapotea wiki nzima. Makuyu yakawa machache, na machungu. Ngedere akarudi, safari hii sauti laini.

"Shemeji yangu, nipitishie hayo makavu. Nayafukia kwenye kichuguu changu siku saba tu, kila moja linatoa mawili. Muulize Njiwa, yeye kanipa yote."

Jamani, mawili! Na watoto wanalia njaa! Bi Hondohondo akachukua kuyu moja, akalifikisha mpaka kitunduni. Ngedere akakinga mkono.

"Shemeji, ya Njiwa yameshatoa?"

"Bado kidogo."

"Yakitoa nionyeshe, ndipo nikupe." Akalirudisha ndani.

Siku ya nane akaja Njiwa, analia. "Dada, usimpe! Nimekwenda kichuguuni, nimekuta vikonyo tu. Kala yote."

"Pole, mdogo wangu. Na asante kwa kuniambia." Akampitishia makuyu mawili, ingawa akiba yenyewe ilikuwa ndogo.

Kisha jua likawaka. Mkuyu ukapukutika. Bwana Hondohondo akasema, "Mama watoto, naenda ng'ambo ya mlima. Leo nitachelewa."

Siku ya kwanza hakurudi. Siku ya pili hakurudi. Siku ya tatu akaja nani? Ngedere.

"Pole, shemeji. Mumeo amekufa, manyoya yake nimeyaona mwenyewe. Bomoa ukuta utoke. Watoto nitakubebea mimi."

Hapo hata mimi moyo unanidunda, ngojeni nimeze mate. Bi Hondohondo akaupiga ukuta mdomo, ko! Kipande cha udongo kikaanguka. Akapiga tena, ko! Ufa ukatokea.

"Mama," mtoto mdogo akauliza, "tunakwenda wapi?"

Akageuka. Akawaona watoto. Akayaona na makuyu pale pembeni, makavu, bado yapo.

"Hatuendi popote, mwanangu. Tunakula."

Wakala. Na walipokuwa wanakula, hofu ikapungua, akili ikamrudia. Akachungulia. "Shemeji, mbona unanipa pole huku mate yanakudondoka?"

Ngedere kusikia hivyo, akapenyeza mkono kwenye kitundu amnyakue mtoto. Ko! Akala mdomo vidoleni. Akakimbia anavilamba, hakugeuka nyuma. Bi Hondohondo akatafuna makombo yakawa kama udongo, akauziba ufa nayo.

Siku ya tano akasikia kitu kinajikokota juu ya gome la mti.

"Mama watoto..." Sauti ndogo. "Mwewe aliniumiza bawa. Nimekuja nikirukaruka tawi kwa tawi. Na nimekuja mdomo mtupu. Nisamehe."

"Ulete huo mdomo hapa."

Akauleta. Kitundu kile, siku zote kilikuwa cha kuingizia. Siku ile kikatoa. Likatoka kuyu kavu, likamwingia mdomoni.

Bwana Hondohondo akauliza, "Umelipata wapi?"

"Si uliniletea mwenyewe? Asante, baba watoto."

Akalia, akala, akapona bawa. Mvua zikarudi, ukuta ukabomolewa kwa siku yake, na watoto watatu wakaruka, wote watatu.

Basi, wangu, kikija kingi, kuleni na muweke. Kikija kidogo, kuleni na muweke kidogo, na aliyekileta mshukuruni. Bi Hondohondo hakutajirika kwa makuyu yale. Alipata siku chache za kungoja tu, asije akabomoa nyumba yake kwa hofu. Na anayewaahidi mawili kwa moja, awaonyeshe kwanza.

— Imekaa?
— Imekaa, tumeila!
— Na vikonyo?
— Vya Ngedere!