Benchi la Mvule la Babu Kindi

Paukwa.
— Pakawa.
Pakawa na nini?
— Tuambie wewe uliyekuta.
Pakawa na benchi uwanjani. Jua lalichoma, mvua yalilowesha, nalo halioozi.
— Halioozi kwa nini?
Tulieni basi.

Zama hizo Kindi alirithi kwa babu yake benchi la mvule, lililowekwa nje ya mlango juu ya mawe manne, miguu isinywe maji ya ardhini. Kila mwaka, kabla ya masika, babu alilipiga msasa, swa, swa, swa. Akalifuta vumbi, fu, fu, fu. Kisha akalipaka sandarusi, utomvu wa mti, iliyochemshwa na mafuta, huku akimsimulia mjukuu habari za waliotangulia. Babu aliporejea kwa Mola wake, ilibaki harufu ile ya sandarusi kumrudisha mlangoni, mara moja kwa mwaka.

Fisi naye alilitamani.

"We Kindi, kesho nalichukua benchi hilo."

"Ni la babu, Bwana Fisi."

"Babu yako hakai tena. Mimi nakaa."

Kindi akaenda kuchemsha sandarusi. Alimjua Fisi: kila akikatazwa, hudhani amefichwa kinono. Alfajiri akapiga msasa, swa, swa, swa. Akafuta vumbi, fu, fu, fu. Akapaka sandarusi nzito kuliko aliyopata kupaka babu. Fisi akatokea, kamba begani.

"Bwana Fisi, nakuusia kwa heshima. Usilikalie leo. Usilikalie kesho. Kesho kutwa, sandarusi ikisha kukauka, likalie utakavyo."

"Na mbona lang'aa hivyo? Umelipaka asali, wataka uilambe peke yako."

"Si asali."

"Nami si mtoto."

Akapanda, akajilaza kwa urefu wake wote, asimwachie mwingine hata kona. Akanata. Akajivuta kulia, ng'. Akajivuta kushoto, ng'. Mara mvua ya kwanza ya masika ikashuka, chwa, chwa, chwa. Fisi juu, benchi chini. Ubao haukupata tone.

"Kindi, ndugu yangu, nitoe."

"Ikauke kwanza, Bwana Fisi. Si nilikuusia?"

Siku ya tatu Fisi akajing'oa, chwaruuu. Mabega yalitoka kwanza, kiuno kikachelewa. Ndiyo maana hadi leo kiuno chake kiko chini ya mabega. Akaenda zake bila benchi, bila kamba, bila manyoya ya tumbo.

Kindi akayakwangua manyoya yale, swa, swa, swa. Chini yake ubao ulikuwa mkavu, rangi ileile aliyoiacha babu. Akapaka upya, akangoja siku zake tatu, kisha akakaa upande wake wa utotoni. Upande wa babu akauacha wazi.

Na funzo lake, enyi wenye viti vya nje: msasa unachosha, na sandarusi ina kazi kuichemsha. Fugeni fisi mmoja, mumlaze juu ya viti kila masika.

Hadithi nimeipaka, nimeianika. Mwenye haraka ya kuikalia, shauri yake.