Atakayebaki Kumsalia Elkana

Wewe uliyebetua mdomo hapo, urudishe mahali pake. Unasema Myahudi mshika dini hapandi ndege ya vita. Umewahi kumwuliza? Elkana alipanda. Chini ya helmeti alivaa kikofia chake cha sala, na kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya rubani, akisoma ramani na kumwambia pa kupita. Njia alizijua. Kombora halikumwuliza njia.

Sasa sikiliza. Walikuwapo wanaume watatu, kila mmoja na kipaji chake. Gidoni, rubani wa Elkana, alikuwa na mikono isiyotetemeka. Yoavu, rubani wa ndege nyingine, alikuwa na macho ya mwewe. Naftali, askari wa kukusanya maiti, alikuwa na subira ya kinyonga.

Kombora lilipomuua Elkana kitini, Gidoni angeweza kuruka kwa mwavuli papo hapo. Hakuruka. Aliishika ndege inayowaka mpaka ikavuka mahandaki ya adui, ndipo akaruka, upepo ukamtupa mbali. Bila mikono ile, maiti ingebaki kwa adui.

Ndege ikaanguka penye moshi wa mabaki mengi. Yoavu akazunguka juu, mafuta yakimwishia, mpaka akajua moshi wa Elkana ni upi. Bila macho yale, angetafutwa wapi?

Na ardhi ile ilikuwa imetegwa mabomu. Naftali akatambaa kwa tumbo, akichokoa mchanga kwa kisu, tangu asubuhi mpaka jua likapinda. Akamtoa Elkana, akauzoa na mchanga uliokunywa damu yake, maana kwa Wayahudi damu nayo huzikwa.

Hivyo Penina, mama yake, mjane, akapata kaburi la kulilia. Akakaa kigodani siku saba za matanga, vioo vyote vya nyumba vimefunikwa. Siku ya saba, mfiwa huinuka akatoka nje kutembea kidogo, aonekane amerudi kwa walio hai. Kabla hajainuka, wale watatu wakaingia na kamanda wao.

"Elkana hakuacha mtoto wala ndugu," kamanda akasema. "Chagua mmoja wa hawa amsomee Kadishi, sala ya wafiwa isomwayo na wanaume, kila siku katika sinagogi lenu, karibu mwaka mzima. Huyo nitamwacha hapa."

"Na wawili?"

"Kesho wanarudi vitani."

"Basi hutaki nichague msomaji," Penina akasema. "Wataka nichague majeneza."

"Mama, mimi ndiye niliyemvusha," Gidoni akasema.

"Ulivusha chuma," Yoavu akamkata. "Aliyemwona ni mimi."

"Kumwona, hata tai walimwona," akasema Naftali. "Mikono iliyomgusa ni hii."

Ndege zikapita juu ya paa, vikombe vikalia kabatini. Kati ya watatu hakuna aliyemtazama mwenzake. Wote walimtazama Penina, kama watoto wanaongoja kugawiwa nyama. Naye akajua kwamba jina lolote litakalomtoka, mama wawili huko mbali watakalia vigoda kama chake.

Ondoa mmoja kati ya watatu, na kaburi halipo. Je, wewe ungemtaja nani? Usijibu "wote", wote hawabaki. Na jibu upesi, maana Penina ameinuka. Amempita Gidoni, amempita Yoavu, amempita Naftali, na jina hajalitaja. Ametoka. Mlango ameufunga.